Matairi Aliyomwekea Kaka Yake

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake, wateja wake wa miaka mingi, pamoja nanyi ambao mliwahi kugombezwa na marehemu hadharani kwa ajili ya matairi na bado mmekuja kumsindikiza, familia inawashukuru kwa kufika, na imemkabidhi binti yake mkubwa karatasi hizi azisome kama zilivyo, kwa kuwa sehemu kubwa marehemu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe akiwa kitandani, na akaagiza kwamba ukurasa wa nne usirukwe, usilainishwe, wala usisomwe mbiombio kama mtu anayekimbia mvua. Ukurasa huo unamhusu kaka yake, na unahusu jambo ambalo watu wa mji huu tumelisema visivyo kwa miaka kumi na mitatu, na marehemu alitaka lirekebishwe leo, mbele ya watu walewale waliolisema. Kwa hiyo familia inawaomba uvumilivu wenu, hata kama jua limeanza kuwa kali.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba aliyekuwa karani wa vifurushi na mama aliyekuwa akishona mapazia kwa oda. Kwa maelezo ya mama yake, alikuja duniani akiwa amekunja ngumi zote mbili, na hakuzikunjua mpaka kaka yake, aliyekuwa na miaka mitano wakati huo, alipopenyeza kidole chake ndani ya ngumi ya kushoto, na mama alipenda kuwasimulia hilo wageni wote, hata wale waliokuja kupimiwa mapazia tu na walikuwa na haraka zao.

Kaka huyo ameketi pale mstari wa mbele, mwenye koti la kijivu, na wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Taratibu, jina alilopewa na watoto wa basi la shule alilokuwa akiliendesha, kwa sababu walikuwa wakimalizia kazi zao za nyumbani humo ndani ya basi, likiwa linakwenda, na mwandiko wao haukuyumba. Wapo watu wazima hapa, wana ndevu zao na watoto wao, ambao walijifunza kuandika herufi za kuunga wakiwa njiani na Taratibu, na walimu wao hawakujua kamwe.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1975, katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya kiwanda cha matofali, akahitimu Novemba 1981, na katika miaka yote hiyo alipelekwa shuleni kwa baiskeli ya kaka yake, akiwa amekaa kwenye keria huku ameushika mkanda wa kaka kwa mikono miwili. Tairi la nyuma lilipopata pancha, jambo ambalo halikuwa la ajabu, ndugu hao wawili walikaa kando ya barabara, kaka akaitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye maji, na mdogo wake akaambiwa atazame mapovu yanatokea wapi. Marehemu ameandika kwamba siku ya kwanza alipoona kitundu kisichoonekana kwa macho kikijitaja chenyewe ndani ya beseni, alipotelea hapo, na masomo mengine yote yaliyofuata aliyasoma kwa adabu tu. Alisoma sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, akafaulu hesabu na jiografia, akafeli kemia, na kila alipoulizwa matokeo yake alianza na kemia.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa katika karakana ya matairi iliyopo kwenye makutano, mkabala na ofisi ya posta, ambako kwa miezi sita ya mwanzo aliosha ringi na kufagia, kisha akafundishwa kung'oa tairi, kuliziba, kulifunga, kulipima na kulisawazisha. Mwaka 1993 akawa fundi mkuu, na tarehe 1 Julai 2006, mwenye karakana alipostaafu, yeye na mwenzake wa kazi, ambaye ninyi nyote mnamwita Kompresa kwa sababu sauti yake haihitaji kipaza sauti, wakaichukua karakana hiyo na kuiendesha pamoja hadi mwisho wa maisha ya marehemu. Kompresa ameombwa na familia aongee kwa sauti ya chini leo, naye ameahidi kujitahidi.

Kazi yenyewe aliipenda kwa namna ambayo watu wa nyumbani kwake walikuwa hawaielewi sawasawa, maana aliweza kulitazama tairi lililoisha upande mmoja akakuambia kwamba magurudumu yako hayajapangwa, au lililoisha katikati tu akakuambia kwamba unajaza upepo kupita kiasi, au lililoisha kingo zote mbili akakuambia kwamba wewe ni mtu wa kupuuza mambo, na kwenye hilo la mwisho wake za wateja walikuwa wakitikisa kichwa kukubali. Alipima upepo asubuhi, gari likiwa limelala na matairi yamepoa, na mteja aliyefika saa nane mchana akitaka kupimiwa baada ya kutoka safari aliambiwa akae kivulini kwanza, kwa sababu tairi lenye joto linadanganya. Hakumfungia mtu tairi moja jipya na moja kuukuu kwenye ekseli moja, hata kama mtu huyo alikuwa mkubwa wa ofisi gani, na alimwambia waziwazi kwamba gari halina cheo.

Mwezi Juni 1994 alifika karakanani mkunga mmoja kijana, mwenye gari dogo la kuzungukia akina mama waliojifungua, na marehemu akamjazia upepo kufuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, mkunga akasimama, akafungua mlango wa dereva, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango, akamwambia kwamba hii hapa ndiyo namba ya gari lake, na ile ya ubavuni ni kikomo ambacho tairi halitakiwi kukipita, siyo kiasi cha kujaza. Karakana ilikuwa imejaa wateja, wote wakageuka wasikie fundi atajitetea vipi, na fundi akaikodolea macho ile karatasi, akahesabu kimoyomoyo ni magari mangapi ameyajaza hivyo tangu aanze kazi, akasema, "Dada, nimekosea," akapunguza upepo, akamwomba amsomee karatasi ile tena polepole. Ndoa yao ilifungwa tarehe 12 Agosti 1995, na mjane amekuwa akisema tangu siku hiyo kwamba hakuolewa kwa ajili ya sura, na picha za harusi zipo mnaweza kuzitazama, bali aliolewa kwa ajili ya mwanaume aliyeweza kusema nimekosea mbele ya foleni.

Walijaliwa watoto wawili, wote wa kike, wa kwanza alizaliwa tarehe 30 Mei 1997, ambaye ni mwalimu na ndiye anayewasomea, na wa pili tarehe 17 Septemba 2001, ambaye ni fundi umeme, na mjukuu mmoja wa miaka minne, ambaye anaamini kwamba babu amekwenda kutafuta matairi makubwa na hakuna aliyepata moyo wa kumsahihisha. Wakiwa wadogo, mabinti hao walikuwa wakipewa sarafu wakaipenyeze kwenye mifereji ya kashata, yaani zile njia za mpira zinazoshika barabara, na sarafu ikionekana karibu yote baba yao alisema tairi hilo limeshaaga, na ikizama alisema bado lina siku zake, na hivyo walijifunza kuhesabu kina cha kashata kabla ya kujifunza kufunga kamba za viatu.

Sasa ni ukurasa wa nne. Marehemu ameuandika kwa kujitaja kama mtu mwingine, jinsi historia za namna hii zinavyoandikwa, na pembeni akaongeza kwa penseli kwamba asingeweza kuuandika kwa namna nyingine yoyote.

Mwezi Julai 2003 karakana ilipokea mzigo wa matairi mapya, na katika mzigo huo yalikuwamo manne ambayo marehemu aliyapenda tangu alipoyagusa, mpira wake ulikuwa mzito na laini, na vile vinyweleo vya mpira vinavyobaki tairi linapotoka kiwandani vilikuwa vimesimama kama nywele za mtu aliyeshtuka. Wakati huo Taratibu alikuwa akiendesha basi la shule, na alikuwa akisema kila mara kwamba mwakani atanunua gari lake mwenyewe, dogo, la kumpeleka mkewe sokoni na kanisani au popote atakapo bila kuangalia saa ya mtu, na marehemu alilijua gari hilo kwa aina na kwa saizi ya ringi, kwa sababu kaka alikuwa ameshalieleza mara mia. Basi akayanunua matairi yale manne siku ya tarehe 18 Julai 2003, akayafunga kwa turubai, akayapandisha kwenye shubaka la juu stoo, chini ya bati, juu ya mashine ya upepo, akaandika kwa chaki "ya kaka", na akawaonya wote kwamba atakayeyagusa atayala.

Mwakani ikafika, gari halikununuliwa, ikaja mwakani nyingine, na kila mwezi Desemba marehemu alipanda ngazi, akayafungua, akayapangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, akayanusa, akayafunga tena. Kompresa alimshauri zaidi ya mara moja ayauze wanunue mengine kaka atakapopata gari, naye alijibu kwamba hujui wewe, matairi ya namna hii hayatengenezwi tena, na huo ukawa mwisho wa mazungumzo. Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyohiyo marehemu alikuwa tayari anajua, kwa sababu alihudhuria mafunzo ya siku mbili mwaka 2005 na daftari lake lipo, kwamba mpira unazeeka hata ukikaa, kwamba joto na mashine ya umeme iliyo karibu huuzeesha upesi zaidi, na kwamba ubavuni mwa kila tairi kuna namba nne, mbili za mwanzo zikitaja wiki na mbili za mwisho zikitaja mwaka lilipotengenezwa. Alikuwa akiwasomea wateja wake namba hizo. Yale manne hakuwahi kuyasoma, kwa sababu, kama alivyoandika, kwake yeye hayakuwa matairi, yalikuwa zawadi, na zawadi haikumjia akilini kwamba inazeeka.

Taratibu alinunua gari lake mwezi Oktoba 2011, na tarehe 22 ya mwezi huo marehemu akayashusha matairi, akamfungia yote manne kwa mikono yake, akayasawazisha, akajaza upepo kufuata karatasi ya mlangoni, akalizunguka gari mara tatu, na walioshuhudia wanasema alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Kashata zilikuwa nzima, sarafu ilizama, na vinyweleo vilikuwa bado vimesimama, miaka minane na zaidi tangu vitoke kiwandani.

Tarehe 14 Januari 2012, saa saba na nusu mchana, siku ya joto kali, Taratibu akiwa na mkewe kwenye barabara kuu, tairi la mbele kushoto lilipasuka, gari likahama njia, likagonga ukingo wa daraja, likapinduka. Yeye alitoka na mkwaruzo wa paji la uso, mkewe alivunjika nyonga, na hadi leo anatembea na mkongojo mliomwona nao. Mkaguzi wa magari wa polisi aliandika kwamba chanzo ni mwendo kasi, kwa kuwa matairi yalikuwa mapya na barabara haikuwa na shimo, na Taratibu, alipoulizwa alikuwa anakwenda kasi gani, alikuwa amechanganyikiwa kwa kumsikia mkewe akilia, akajibu kwamba hajui, labda alizidisha. Neno hilo labda ndilo lililomfunga. Wazazi wa watoto wa shule walikaa kikao, wakasema mtu huyu ana sura mbili, wengine wakatia chumvi kwamba walishamwona akikimbiza siku nyingi, na tarehe 3 Februari 2012 akaondolewa kwenye basi aliloliendesha miaka kumi na tisa bila hata kukwaruza rangi. Vijiweni jina lake likawa mzaha, mtu akipita mbio watu wanasema huyo Taratibu huyo, na yeye mwenyewe, ambaye angeweza kubisha, aliyaamini, akapata kazi ya kuhesabu makreti kwenye lango la bohari, na tangu siku ile hakushika usukani tena, hata kulisogeza gari uani ili mtu afue.

Marehemu alikwenda kuliona gari siku ya pili yake, likiwa kwenye uwanja wa polisi, akapiga magoti, akalipapasa tairi lililopasuka, akaona nyufa nyembamba kama nywele kati ya kashata, akaona mpira ulivyoachana na nyuzi zake kuanzia ndani, na kwa mara ya kwanza akasoma namba, ambayo ilikuwa 0903, wiki ya tisa ya mwaka 2003. Alielewa hapohapo, kama daktari anavyoelewa akiishika picha ya eksirei juu ya taa. Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yake, akamuuliza, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu wa mji, "Fundi, matairi haya vipi?" naye akajibu, "Ni mapya, nimeyafunga mwenyewe miezi mitatu iliyopita," na marehemu ameandika kwamba aliyafunga mwenyewe, na ilikuwa miezi mitatu iliyopita, na hayakuwa yametembea popote kabla ya hapo, na bado jibu lote lilikuwa uongo.

Hakusema siku ile kwa sababu shemeji yake alikuwa chumba cha upasuaji, hakusema wiki ile kwa sababu aliogopa karakana itafungwa na Kompresa ana watoto watano, hakusema mwaka ule kwa sababu mwaka ulikuwa umeshapita, na baada ya hapo, kwa maneno yake, kila siku aliyonyamaza iliifanya siku ya kusema kuwa nzito zaidi. Yeye aliyekiri kosa la upepo mbele ya foleni alimeza hili miaka kumi na miwili na miezi kumi, huku anamtazama kaka yake akihesabu makreti.

Mwisho wa ukurasa wa nne. Binti yake anaomba dakika moja.

Mengi mliyoyaona kwa marehemu baada ya mwaka 2012 sasa mtayaelewa, na sisi wa nyumbani tumeyaelewa pamoja nanyi. Ndipo alipobandika karakanani ubao ule mkubwa unaofundisha kusoma namba nne za umri wa tairi, ndipo alipoanza kumuuliza kila mteja, kabla hata ya salamu, tairi lako ni la wiki ya ngapi, mkampa jina la Bwana Wiki, ndipo alipoanza kulala chali chini ya magari ya watu kusoma namba ya tairi la spea, akisema kwamba spea ndilo tairi linalozeeka bila kuonwa na mtu. Mliomletea matairi yenye kashata nzima na miaka saba mgongoni aliwafukuza, mkaenda kwingine mkimtukana, na Kompresa anakiri kwamba wapo wateja waliopotea moja kwa moja. Kwenye harusi ya jirani yetu, mwezi Aprili 2016, alitoka ukumbini akaenda kulikagua gari la maharusi, akalikuta na tairi la miaka kumi na moja, akauzuia msafara dakika arobaini mpaka likabadilishwa, na bibi harusi aliyenuna siku ile yupo hapa leo, na wanawe watatu.

Ndipo pia alipoanza kwenda kwa kaka yake kila Jumamosi bila kukosa, kumpeleka shemeji kliniki kwa gari lake, kuziba bati, kupaka rangi milango ambayo haikuhitaji rangi, mpaka mjane akamuuliza siku moja kama anadaiwa nini kule, naye akasema ni kaka yangu, akainama kuvaa viatu. Mjane anasema aliliona jambo, ila alidhani ni huzuni.

Afya ya marehemu ilianza kutetereka Machi 2024, akawa anakosa hamu ya kula na kulalamika mgongo, na tarehe 6 Mei 2024 vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, ambayo madaktari walieleza kwa upole na ukweli kwamba ilikuwa imeshasambaa. Alilazwa mara tatu. Tarehe 3 Novemba 2024, wodini, akaomba kaka yake aitwe, mkewe na binti yake mkubwa wabaki, akaeleza yote kuanzia shubaka la juu hadi uwanja wa polisi, bila kujitetea. Taratibu alisikiliza mpaka mwisho, ameweka mikono magotini, kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo sikuwa nakimbiza?"

Marehemu akasema, "Hukuwa unakimbiza, kaka."

Taratibu akasimama, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga, na hakurudi kwa siku kumi na tisa, na siku hizo zilimla marehemu kuliko ugonjwa. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa aligeuza kichwa, akaona ni muuguzi, akakirudisha kwenye mto. Siku ya ishirini alikuja na mkewe, ambaye alisimama miguuni pa kitanda, akaegemea mkongojo wake, akamwambia shemeji yake kwamba yeye alikuwa ameketi pembeni ya dereva siku ile, aliona mshale wa mwendo uko kwenye sabini, na miaka yote hii amekuwa akimwambia mume wake sabini, sabini, na mume anamjibu kwamba unanionea huruma tu, kwa hiyo siyo nyonga peke yake, "umenifanya niwe mwongo ndani ya nyumba yangu." Marehemu akalia, na hakuna aliyemnyamazisha.

Kuhusu ukurasa wa nne, ndugu hao wawili walibishana wiki nzima, kwa namna ambayo wauguzi walikuwa wakija kusikiliza. Taratibu hakutaka usomwe, alisema yanatosha yaliyosemwa humu, ukishakufa watu watakusema na huna pa kujibia, acha jina lako lipumzike. Marehemu akasema kwamba kaka alisemwa mbele ya watu kwa miaka kumi na mitatu akiwa hai na hakuwa na pa kujibia vilevile, na waliosikia uongo kwa pamoja hawawezi kuusikia ukweli mmojammoja jikoni. Mwishoni Taratibu alikubali kwa sharti moja, kwamba Desemba zote zile za ngazi na kitambaa kikavu zisomwe pia, kwa sababu marehemu alikuwa amezifuta kwenye karatasi akidhani zitaonekana kama utetezi, na familia imezirudisha kama alivyotaka mkubwa.

Marehemu alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba na siku mbili, mkewe ameshika mkono wake wa kulia, mabinti wakiwa upande wa pili. Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, kaka mmoja na shemeji mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, ambao walimvumilia mgonjwa aliyekuwa akiuliza magurudumu ya kitanda yalitiwa mafuta lini, inamshukuru mfamasia aliyekuwa akifungua dirisha lake mapema kwa ajili yetu, inawashukuru majirani kwa viti, kwa maji, kwa kutuchukulia mjukuu siku zile ngumu, na inamshukuru Kompresa na mafundi wote wa karakana, walioijua habari hii wiki mbili tu zilizopita na wakasema ubao ule ubaki palepale ulipo.

Familia haitasema hapa kwamba Taratibu alimsamehe ndugu yake, kwa kuwa hilo ni lake kulisema na hajalisema, na marehemu hakutaka liulizwe. Tunachoweza kueleza ni kile tulichokiona. Jana mchana tulipokuwa tunapanga nani ataendesha gari la kubeba jeneza, yalitajwa majina matatu, na Taratibu, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango, akanyoosha mkono akaomba ufunguo, mtu mmoja akauliza kwa woga kuhusu leseni, naye akaitoa mfukoni akaiweka mezani, kumbe alikuwa ameihuisha tarehe 16 Desemba bila kumwambia mtu, hata mke wake. Shemeji akaitazama leseni, akamtazama mumewe, akasema, "Mpeni." Mliokuwa nyuma kwenye msafara asubuhi ya leo na mkawa mnajiuliza ni nani anayetuchelewesha, ni yeye, kilomita kumi na tisa kutoka hospitali hadi hapa, mkewe akiwa ameketi pembeni yake kiti cha mbele, na mshale, kwa ushahidi wa shemeji, haukufika hata hamsini.

Baba, mume, fundi, Bwana Wiki, kaka yako amekuleta mwenyewe na amekufikisha salama, sasa pumzika kwa amani.